Herufi Moja kwenye Fulana za Mwamini

Ijumaa moja ya mwaka wa tisini na mbili hunirudia kichwani kila ninapomwona kijana amevaa fulana yenye jina la duka. Leo umeniletea fulana yako mwenyewe, mwanangu, kwa hiyo kaa hapa nikusimulie. Hiyo simu iweke chini kwanza. Picha nimeiona. Rangi inapendeza, na jina la saluni yako ya kule Remera limekaa vizuri kifuani. Lakini usimpigie mchapaji mpaka nimalize, na usianze kuangalia saa, maana nakujua.

Siku hizo nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo. Niliishi hapa hapa Nyamirambo kwa Mama Mkubwa Mwamini, dada yake mama yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Alikuwa na mgahawa mdogo nyuma ya nyumba: mabenchi, meza ndefu, na paa la mabati lililovuja upande mmoja. Mtu asiyeelekezwa asingeuona kutoka barabarani hata angepita mara mia. Mama Mkubwa alikuwa mnene, goti lake moja bovu, na hasira zake zilikuwa karibu kama chumvi jikoni. Lakini mkono wake, mwanangu! Akikupikia maharage unasahau kwamba ulikuwa unataka nyama.

Chakula kilichotuweka mjini hasa hakikuliwa pale nyumbani. Kila mchana tulijitwika masufuria, mimi na Esperansi, tukateremka Kimisagara kwenye karakana za mafundi, kwa wachomeleaji, maseremala na watengeneza magari. Esperansi alikuwa msichana Mkatoliki aliyeajiriwa kupika isombe, kile kisamvu chetu cha hapa, lakini kwetu hakukaa kama mwajiriwa. Tulilala chumba kimoja na kuvutana blanketi moja. Nikimtania sana alininunia kutwa nzima, kisha jioni ananiwekea ukoko wa wali bila kusema neno. Nilimpenda. Nalisema mapema ili ujue.

Tatizo letu lilikuwa hili. Wanawake wengine wakaanza kuteremka na masufuria yao mapema kuliko sisi. Wakiulizwa chakula kinatoka wapi, wanajibu bila kupepesa macho, "Kwa Mwamini." Siku moja fundi mmoja akanigombeza mbele ya watu kwamba maharage yetu ya jana yalimuumiza tumbo usiku kucha. Jana yake hatukuwa tumeteremka kabisa, kulikuwa na mvua. Nilirudi nyumbani na hasira. Jina la Mama Mkubwa lilikuwa linauza maharage mabovu ya watu tusiowajua.

Ndipo nikapata wazo la fulana. Kampuni za bia na soda zilikuwa zikigawa fulana zenye majina yao, na mtu akishaivaa anawatangazia bure kutwa nzima. Nikasema, na sisi tuvae zetu. Fundi akiona fulana anajua chakula ni chenyewe, na asipoiona anajua anadanganywa. Mama Mkubwa alinicheka. "Mwili wangu huu wote," akasema, "unataka tena niuandike?" Nilimbembeleza wiki nzima mpaka akachoka. Nami nilikuwa nimeshapata maneno. Mafundi wa Kimisagara walipomaliza kula walikuwa wakijifuta mikono na kusema, "Kula ni kwa Mwamini!" Maana yake, kwingine mnajaza matumbo tu, kula kwenyewe ni huku. Nikaamua maneno hayo yakae mgongoni kwa herufi kubwa, ili hata tukishapita mtu aendelee kuyasoma.

Sasa elewa wakati wenyewe ulivyokuwa. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa hapa Rwanda si zamani sana, na mji mzima ulikuwa umevaa siasa. Kofia za huyu, skafu za yule. Watu walikusoma nguo kabla hawajakutazama usoni. Vijana wa vyama walikuwa wakizunguka, wakamkuta mtu wa upande mwingine, wakamvua kofia kwa nguvu na kumlazimisha avae ya kwao, na jambo hilo walikuwa na neno lake, kubohoza, ati wanamfungua kutoka kifungoni. Wengine walifunguliwa mpaka meno yakatoka.

Nilijua yote hayo, ndiyo maana nilijiona mjanja. Nilipita nikichunguza rangi za kila chama, kisha nikachagua fulana nyeupe na maandishi ya kahawia. Kahawia haikuwa na mwenyewe. Nikasema, hapo hakuna atakayetugusa.

Nikampelekea kazi Karoli, kijana wa Kimisagara aliyeandika vibao vya maduka na kuchapa fulana kwa fremu ya mbao iliyotandwa kitambaa chepesi. Alikuwa fundi safi, mkono wake haukutetemeka. Nikamwambia maneno, akayaandika kwenye kipande cha boksi, kisha akanisomea kwa sauti. Nikamwambia, hivyo hivyo, endelea. Sikuinama kutazama lile boksi, mwanangu. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu, na masikio yangu yaliridhika.

Ijumaa hiyo fulana zikaja zimefungwa kwenye gazeti. Tulizivaa upesi upesi juu ya magauni yetu, kwa sababu pilau ya watu watakaotoka msikitini ilikuwa bado inahitaji moto. Esperansi akajitwika sufuria lake akateremka Kimisagara peke yake, kama kawaida ya Ijumaa. Mimi na Mama Mkubwa tukabaki tukipakua.

Watu walipotoka kwenye swala wakaanza kuingia, na aliyetangulia akasimama nyuma ya Mama Mkubwa kama aliyeona nyoka. Halafu akacheka mpaka akashika ukuta. Akaja wa pili, akasoma, akacheka. Mwishowe benchi zima lilikuwa limevunjika mbavu, na mzee mmoja akainuka, akaweka mkono kifuani, akasema, "Mheshimiwa Mwamini, barabara yetu ya huku juu tunaomba uikumbuke."

"Nini?" Mama Mkubwa akaniuliza. Yeye alisoma Kurani vizuri sana, lakini herufi hizi za kizungu hakujifunza. "Kwani umeniandika nini?"

Nikazunguka nyuma yake nikasoma. KURA NI KWA MWAMINI.

Nilisoma tena. Nilitamani ardhi inimeze. Nilimwomba Karoli chakula, akanipa uchaguzi. Mteja mwingine akauliza, kwa uso mkavu kabisa, kama Waislamu wa Nyamirambo tumeanzisha chama chetu, maana aliona mgombea wake ni muumini. Watu wakacheka tena, na hata Mama Mkubwa akacheka kidogo, akisema pilau haijui kusoma, njooni mle. Nikadhani basi, yameishia hapo. Tutafanyiwa utani wiki mbili, halafu watu watazoea.

Esperansi akarudi kabla vyombo havijaoshwa. Hakuwa na sufuria. Mkono wa fulana yake ulikuwa umechanika hadi begani, na isombe imemwagika kwenye gauni lote.

Tulimkalisha. Vijana wa chama kimoja walimkuta kwenye mteremko wakamuuliza kura ya nani, huyu Mwamini ni wa chama gani. Naye akajitahidi kuwaeleza. Na hapo, mwanangu, ndipo penye jambo ambalo mtu wa Dar es Salaam au Mombasa hawezi kulipata hata ukimchorea. Esperansi alikuwa Mnyarwanda wa kijijini, ulimi wake haukujua kutenganisha herufi mbili, L na R.

"Niliwaambia si kura," akatusimulia huku analia. "Niliwaambia ni kura! Kura ya kukura! Bakasema ninawacheka."

Niliona haya ya kutaka kucheka, kisha nikalia pamoja naye. Walikuwa wamemvuta nguo, wakalipiga teke sufuria, na mmoja akamwambia siku nyingine haitapasuka fulana tu.

Nilishuka kwa Karoli mbio, bila hata kujitanda.

"Umeniua," nikamwambia. "Umeandika nini hapa?"

"Ni wewe ulisema kura. Mimi nikaandika kura."

"Nilisema kula, Karoli! Kula! Kula chakula!"

"Ndiyo," akajibu, akinishangaa kweli kweli. "Kura. Kura chakura."

Hakuwa anafanya mzaha. Sisi wote wa mji huu tulikuwa tumezoea kusikia kura pale panaposemwa kula, na sikio linajirekebishia lenyewe bila kutuuliza. Yeye aliandika alivyosikia, akanisomea alivyoandika, nami nikasikia nilichotaka. Nilipomweleza yaliyompata Esperansi akashika kichwa kwa mikono yote miwili na kukaa chini kwenye makopo yake ya rangi.

Niliporudi, nikamkuta Faustini nyumbani. Faustini tulimjua. Alikuwa fundi wa magurudumu, mteja wetu wa siku nyingi, kijana mcheshi ambaye Mama Mkubwa alikuwa akimwongezea mchuzi bila kuombwa. Lakini miezi hiyo alikuwa amevaa kofia ya chama, tena chama kingine, si cha wale waliompiga Esperansi, na wenzake wawili walisimama nyuma yake kama walinzi.

"Mama, hii nguo iko muzuri sana," akasema. "Maneno iko tayari. Imebaki rangi ya parti yetu tu, hapa kwa mikono. Siku ya Mungu tuko na mkutano mukubwa. Mukuje na chakula, mukuje na hizi fulana, batu wote watakula kwenu. Kila mkutano, ni ninyi."

"Na tusipokuja?"

Akacheka kidogo. "Mama yangu, huyu dada bamemupiga kwa sababu hamuko na mutu wa kuwachunga. Sisi tutawachunga. Mukikataa, batu watajiuliza muko upande gani."

Mama Mkubwa akamwambia amesikia. Akamfungia chapati kwenye karatasi, akampa, akamuaga. Faustini akatoka akiamini mambo yamekwisha.

Nami niliamini hivyo hivyo. Nikaanza kumshawishi Mama Mkubwa kwa maneno yote niliyokuwa nayo. Fulana zimeshachapwa. Karoli anaweza kupaka rangi mikononi kesho. Tutapata wateja wengi kuliko tuliowahi kuota, na Esperansi hataguswa tena barabarani. Na akikataa kabisa, basi tuzichome tu zote leo, tusionekane nazo. Niliongea mpaka povu likanitoka.

Akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Zaituni, geuka."

Nikageuka.

"Hayo maandishi wewe unayaona?"

"Siyaoni, Mama."

"Nani anayaona?"

"Walio nyuma yangu."

"Basi unatembea mjini ukisema neno usiloliona, na unalisema kwa kinywa changu. Jina ni langu hilo." Sauti yake haikupanda, na hilo lilinitisha kuliko kelele zake zote. "Kule chini ninawapikia watu wa Faustini, ninawapikia na wale mahayawani waliomchania huyu mtoto nguo, ninawapikia na wasiotaka chama chochote. Wakija mezani kwangu wanasogeleana benchi. Sasa wewe unataka benchi langu liwe la nani? Ukishampa Faustini mikono ya fulana, wengine wote umewaambia wasije. Na siku Faustini akikuchoka, atakuvua hiyo fulana yeye mwenyewe."

"Basi tuzichome."

"Ukizichoma umesema niliogopa. Kesho wale wauza maharage mabovu wataendelea kuniitia jina langu, nami nimejificha jikoni. Sikatai fulana. Wazo lako lilikuwa zuri, tena nilichelewa kulikubali. Tutazivaa, lakini zitasema ninachosema mimi. Lete sindano."

Nimekemewa na watu wengi maishani, mwanangu, lakini sijakemewa tena nikatoka na nguvu namna ile.

Jumamosi nzima tulikuwa kibarazani. Ile R ilikuwa imechapwa kwa rangi isiyotoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa, tulijaribu vyote. Kwa hiyo tuliifunika. Nilizunguka kwa mafundi cherehani wa Nyamirambo, nikaokota mabaki ya vitenge chini ya mashine zao, na Mama Mkubwa akaweka sharti moja: kila fulana ishonewe kiraka cha kitambaa tofauti, pasiwe na viwili vinavyofanana. "Wakitafuta rangi ya chama wachanganyikiwe," akasema. Karoli alipanda mwenyewe kutoka Kimisagara bila kuitwa, akakaa mkekani pamoja nasi, akatuchorea L kwenye kila kiraka. Esperansi akawa anaishika kila moja na kuitazama, akiuliza, "Hii ndiyo yenyewe?" Nilimfundisha kuitamka. Kwa muda mrefu ikatoka R tu. Kisha ikatoka L mara moja, safi kabisa, nasi tukapiga vigelegele kama vya harusini, halafu ikapotea tena na hatukuipata hadi jioni.

Jumapili kelele za mkutano zilitufikia kwa mbali. Hatukwenda.

Jumatatu mchana nikawa najifunga kitambaa kichwani ili nijitwike sufuria, nikamwona Mama Mkubwa anavaa fulana yake juu ya gauni, anatafuta viatu. Miaka mingi hakuwa ameteremka Kimisagara kwa miguu, kwa ajili ya lile goti. Nilimwambia asiende. Akashika mwiko mkubwa wa kupakulia badala ya fimbo, tukatoka watatu, yeye mbele, mimi na Esperansi tumejitwika nyuma yake. Niliona mgongo wake wote njiani. KULA NI KWA MWAMINI, na ile L ya kitenge cha maua mekundu na njano ikipanda na kushuka kadiri anavyochechemea. Watu walitoka milangoni kututazama.

Faustini alikuwa chini, pale njia inapoingia kwenye karakana, na wenzake wengi kuliko Ijumaa. Mafundi walikuwa wameacha nyundo.

"Mama, hamkukuja," akasema.

"Sikuja."

"Na hii nguo mumeiharibu."

"Nimeirekebisha. Soma."

Hakusoma. Alikuwa na watu wake nyuma, na kijana akiwa na watu wake nyuma hawezi kurudi kirahisi. Akamnyooshea kidole Esperansi, kwa sababu ndiye aliyekuwa mnyonge kati yetu. "Wewe, vua hiyo. Vua hapa. Hamuna ruhusa ya kupita na hii maneno."

Esperansi akalishika sufuria kichwani kwa mikono yote miwili. Nakuambia ukweli, kama ningekuwa peke yangu ningemsaidia kuivua.

Mama Mkubwa akaweka mwiko chini. Akasema kwa sauti ya kutosha karakana nzima, "Akivua yeye, navua na mimi. Sivui fulana peke yake, Faustini. Navua vyote, hapa hapa, mbele yako. Nimekulisha kwa mkono huu, mimi ni mama yako. Ukitaka kumwona mama yako uchi barabarani mchana wa Mungu, sema tena neno hilo. Kisha nenda kwenu ukawaulize wazee mtu wa namna hiyo anaishije baada ya hapo."

Na akalishika pindo la fulana, akaanza kulipandisha.

Mwanangu, sijawahi kuona vijana wengi hivyo wakigeuza nyuso kwa pamoja. Mmoja alijifunika macho kwa kofia yake ya chama. Faustini mwenyewe aliinua mikono yote miwili, akatazama pembeni, na sauti yake ikawa ya mtoto. "Acha, mubyeyi. Acha. Mupite. Mupite tu." Mubyeyi ni mzazi, unajua. Mpaka hapo alikuwa amesahau.

Tukapita. Mama Mkubwa akashusha fulana, akaokota mwiko, akaufuta, akaanza kupakua kana kwamba alichelewa tu. Ni mimi niliyelia, tena kwa kwikwi, nikiwapa watu sahani.

Sitakudanganya kwamba mambo yote yalinyooka. Faustini na watu wake hawakula kwetu tena, na Jumapili, siku za mikutano yao, mabenchi yetu yalipwaya kwa muda mrefu. Hata kibao kidogo tulichokuwa nacho mlangoni kiling'olewa, hatukujua na nani. Lakini wale wauza maharage hawakuweza tena kujiita sisi, kwa kuwa viraka vile havikuwa na pacha wa kuigwa. Karoli, tuliyempa fulana moja, aliivaa kazini, na kila aliyekuja kuandikiwa kibao aliuliza kiraka hicho ni cha nini. Alisimulia kisa chote bila kujionea haya, halafu anawaonyesha njia ya kupanda Nyamirambo. Watu walikuja kuitazama ile L, wakakaa, wakala, na kesho yake wakarudi bila kuulizia L.

Kisha ukaja mwaka wa tisini na nne. Huo sitausimulia leo, na baadhi yake sitausimulia kamwe. Esperansi hakuuvuka. Mpaka sasa nikipika isombe napika kidogo, kwa sababu nikipika nyingi nahisi namsubiri. Mama Mkubwa aliuvuka, lakini hakukaa nasi muda mrefu baada yake. Fulana zilipotelea huko pamoja na nyumba na vyombo na kila kitu.

Niliporudi mjini nikaanza upya na jiko moja la mkaa, kando ya njia, mtaa ambao hakuna aliyenijua. Sikuwa na kibao. Sikuwa na jina popote, wala kitambaa cha kuliandika. Siku za mwanzo nilimwona mwanamume mmoja, amekonda, anasimama mbali na kunitazama, anaondoka, kesho anarudi. Mwishowe akasogea. Nikamtambua kwa taabu, alikuwa mchomeleaji wa zamani wa Kimisagara. Hakunisalimia hata. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa jibu, "Wewe ni wa kwa Mwamini. Bado mnampikia kila mtu?"

Nikamwambia, "Kaa."

Alikaa. Kesho yake akaja na mwingine, na hao wawili, mwanangu, hawakuwa watu wa kukaa benchi moja siku hizo. Nilisogeza chungu katikati yao nikaenda kuchochea moto, ili nisiwatazame.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na uishike. Chapisha fulana zako. Nataka uzichape, tena uzivae kwa kujigamba, maana saluni yako iko juu ghorofani na nani atapanda ngazi bila kuitwa? Lakini usikubali kusomewa. Soma mwenyewe kwa macho, herufi kwa herufi, kisha mpe mtu asiyejua biashara yako aisome, umsikilize anachoelewa yeye. Halafu, kabla wino haujagusa kitambaa, jiulize kama neno hilo ungelisimamia barabarani mbele ya mtu anayekuamuru ulivue. Kama usingeweza, libadilishe leo. Akija tajiri au mwanasiasa kukuomba mkono mmoja tu wa fulana yako, akuwekee alama yake, mkaribishe chai na umwambie mikono imejaa. Na wale wasichana utakaowavisha, kumbuka kwamba wao ndio watakaokutana na watu njiani, si wewe. Wakipata taabu kwa ajili ya jina lako, shuka ukasimame nao, hata kama goti linauma. Wino unafifia na nguo zinachakaa. Watu watakachokukumbukia ni namna ulivyowakalisha walipokuja kwako.

Haya, chukua simu yako sasa, mpigie huyo mchapaji. Mungu akufungulie riziki iliyo safi, akupe wateja wenye shukrani na wafanyakazi watakaokupenda, na akutie nguvu siku utakayolazimika kusema hapana. Akuepushe na tuliyoyaona sisi. Nenda salama, mwanangu, na amani iwe juu ya mlango wako.